Toba gerezani: njia nne zilizojaribiwa, na ipi tuichague Mbeya, Iringa na Njombe

Kamati za huduma ya magereza huku Nyanda za Juu Kusini, ziwe za usharika, za parokia au za msikiti, zote hufika siku moja kwenye swali lilelile. Sabuni zimepelekwa. Mablanketi ya baridi ya Juni yamepelekwa. Kwaya imeimba, shekhe ametoa mawaidha, watu wameinua mikono kusema wameacha ubaya. Mwaka haujaisha, mmoja wa walioinua mikono anashuka tena kwenye karandinga akiwa na pingu. Mfuko wa kamati ni mdogo, wa kujitolea ni wachache, kwa hiyo lazima kuchagua. Tuendelee na ibada za kila wiki? Tuombe nafasi ya mafungo, yaani siku za kujitenga kwa ukimya na sala? Tufundishe walimu wa dini miongoni mwa wafungwa? Au nguvu zote tuzielekeze kwenye siku ya mtu kutoka?

Ninaamini kwa moyo wangu wote kwamba mtu anaweza kugeuka akiwa kifungoni, na ninaamini pia kwamba si kila njia inayobeba jina la Mungu inamfikisha huko. Duniani zipo njia nne zilizojaribiwa kwa kiwango kikubwa, nyingine kwa uchungu. Nitaziweka sambamba na kuzipima kwa maswali matatu. Je, mfungwa aliingia kwa hiari yake? Je, toba yake inamfikia mtu aliyemkosea? Je, siku anapotoka, kuna anayemsubiri?

Kwanza, tusiogope neno adhabu

Wapo wanaosema kwamba kuzungumzia roho ya mfungwa ni kumpunguzia mhalifu adhabu. Sioni hivyo. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa, zilizopitishwa upya mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zinaeleza kwamba kumnyima mtu uhuru wake tayari ni maumivu, na gereza halitakiwi kuongeza mateso juu ya hapo. Aliyehukumiwa miaka saba amehukumiwa miaka saba, aimbe zaburi au acheze drafti. Kinachobaki kuamuliwa ni miaka hiyo itumike kwa kazi gani.

Sheria zetu zenyewe zinaacha milango. Sheria ya Magereza ya 1967 inampa mfungwa mwenye bidii na mwenendo mzuri msamaha wa theluthi moja ya kifungo chake. Sheria ya Bodi za Parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, ni ya 1994. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inamruhusu mwenye kosa dogo, ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, kuitumikia adhabu akiwa nje, akifagia hospitali au kuchimba mitaro ya kijiji chake. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa imani, na haijasema uhuru huo unaishia kwenye ukuta wa gereza. Kwa upande wa mikono, kazi inafanyika: Ruanda pale Mbeya kuna chuo cha ufundi cha Magereza, na Songwe, Isupilo na Kitai ni magereza ya mashamba. Mtu anaweza kutoka huko anajua kuranda mbao au kupanda mahindi kwa mistari. Wakati mwingine anatoka na ujuzi mikononi na moyo uleule.

Njia ya kwanza: mwacheni peke yake na Mungu

Mwaka 1829 lilifunguliwa gereza kubwa mjini Philadelphia, Marekani, chini ya msukumo wa watu walioathiriwa na mafundisho ya Quaker, dhehebu la Kikristo linalothamini ibada ya ukimya. Walichukia viboko na kitanzi. Wakasema: mpeni mkosaji chumba chake, Biblia, kazi ya mikono na ukimya, dhamiri itafanya yaliyobaki. Juu ya kila selo waliacha tundu la kuingiza mwanga. Mfungwa akitolewa nje alifunikwa kichwa ili asimwone mwenzake wala asionwe.

Nia ilikuwa njema kabisa, na matokeo yakawa watu waliovurugika akili. Charles Dickens alilitembelea mwaka 1842, akaandika kwamba kuichokoachokoa akili ya mtu polepole, siku baada ya siku, ni kubaya kuliko kuutesa mwili wake. Mfumo huo ulifutwa rasmi mwaka 1913, na leo Kanuni za Mandela zinakataza kumtenga mtu peke yake zaidi ya siku 15 mfululizo.

Kwa maswali yangu matatu, njia hii inaanguka kwote: hakuna hiari, hakuna aliyekosewa, hakuna anayesubiri. Ningeipita haraka kama wazo lake lisingekuwa bado linaishi midomoni mwetu. Tunasema, "Mwache akae ndani, atajifunza." Wazee wa Unyakyusa hawakufundisha hivyo. Kosa liliwekwa mbele ya ndugu wa pande zote mbili, likasemwa hadi likaisha, na ng'ombe wakahama zizi. Sisemi kila kilichofanywa zamani kilikuwa cha haki, hasa kwa wanawake. Lakini walijua kwamba mtu huharibikiwa akiwa kati ya watu, na hutengenezwa akiwa kati ya watu.

Njia ya pili: ukimya wa siku kumi

Huu ni ukimya wa namna nyingine kabisa. Kiran Bedi alipokabidhiwa uongozi wa magereza ya Delhi mwaka 1993, gereza la Tihar lilikuwa limefurika na lina sifa mbaya. Alikaribisha kozi ya Vipassana, namna ya kutafakari yenye asili ya Kibuddha: siku kumi bila kuzungumza, mtu anaangalia pumzi yake na yanayopita mwilini mwake. Aprili 1994 wafungwa zaidi ya 1,000 waliketi pamoja katika kozi moja. Hata maofisa wa gereza walipitia mafunzo hayo, jambo ambalo naliona ni la hekima kubwa. Askari anayelinda watu wenye hasira usiku na mchana naye ana moyo unaohitaji kutunzwa.

Kwenye swali la hiari njia hii inapita vizuri: mtu hujiandikisha mwenyewe, na haambiwi abadili dini. Selo moja ya Ruanda inaweza kuwa na Mmoraviani, Mkatoliki, Mlokole, Mwislamu na mtu ambaye hajawahi kukanyaga nyumba yoyote ya ibada. Ukimya hauwagawi.

Tusidhani pia kwamba ni jambo la kigeni. Waislamu wana itikafu, kujitenga msikitini kwa ibada, katika siku kumi za mwisho za Ramadhani. Wakatoliki wana mafungo, na Kwaresima ipo kila mwaka. Kamati ikiomba kwa mkuu wa gereza siku tatu za mafungo kwa kikundi kidogo, katika chumba kinachotumika kwa darasa, haiombi kitu kisichojulikana. Ugumu ni nafasi. Gereza lililojaa halina kona ya utulivu, na mashamba yanahitaji watu. Zaidi ya hapo, ukimya unamtuliza aliyekosa, lakini aliyeibiwa ng'ombe kule Usangu hajui kwamba mwizi wake amepata amani. Kwenye swali la pili na la tatu njia hii haina jibu.

Njia ya tatu: mfungwa awe mchungaji wa wafungwa

Gereza la Angola, katika jimbo la Louisiana, Marekani, ni eneo la maelfu ya hekta ambalo zamani lilikuwa shamba la watumwa, na wengi wa walio ndani wana kifungo cha maisha. Mwaka 1995, baada ya serikali ya Marekani kuondoa fedha za kuwasomesha wafungwa, chuo cha theolojia cha Wabaptisti cha New Orleans kilifungua tawi humo ndani. Wafungwa walisoma hadi shahada, kisha wakawekwa kama wahudumu katika mabweni yao. Mwaka 1998 kikaanzishwa kitengo cha kuwauguza wanaokaribia kufa, ambapo mfungwa anamlisha, anamwosha na kumshika mkono mfungwa mwenzake hadi mwisho.

Hapa kuna nguvu ambayo sisi tunaotoka uraiani hatutaipata kamwe. Tunakuja Jumapili saa nne, saa saba tuko kwenye daladala ya kurudi Soweto au Mwanjelwa. Mfungwa mwenzake yupo saa nane za usiku mtu anapopokea habari kwamba mama yake amefariki Ludewa na hakuweza kumzika. Yusuf alizungumza na wenzake wawili wa kifungoni kuhusu Mungu na kuhusu ndoto zao muda mrefu kabla mfalme hajamwita, na habari hiyo Biblia na Qurani zote zinaisimulia.

Magereza yetu yanajua mamlaka ya mfungwa juu ya mfungwa: yupo nyapara. Ila nyapara hupanga kazi na kulala. Mfungwa aliyefundishwa kusikiliza, kuandika barua kwa asiyejua kuandika, kumsomesha mwenzake herufi, kumketisha mgomvi na mgomvi mwenzake, huyo ana mamlaka ya aina nyingine, na gereza zima huyahisi.

Lakini zitazameni kasoro. Chuo kimoja cha dhehebu moja, kikipendwa na mkuu wa gereza, kinamwacha Mwislamu au asiyeamini akijiuliza kama upendeleo unapita mlango wa kanisa. Halafu kuna jambo linaloniumiza zaidi: wengi wa watu hao waliobadilika hawana njia ya kutoka. Wamegeuka, wanawahubiria wengine kugeuka, nao watazikwa humohumo. Swali la tatu linakataliwa na hukumu yenyewe.

Njia ya nne: gereza lenye mji ndani yake

Mwaka 1972, mjini São José dos Campos, Brazili, mwanasheria Mkatoliki Mário Ottoboni na wenzake walianza kutembelea jela ya mji wao, kama sisi. Kazi yao ikazaa vituo viitwavyo APAC, ambavyo leo vimeenea hasa jimbo la Minas Gerais. Humo hakuna askari mwenye bunduki. Funguo za milango wanashika wafungwa wenyewe. Wanapika, wanafagia, wanajifunza ufundi, wanasali, wanasimamiana. Mtu anaitwa kwa jina lake. Huhamia huko kwa kuomba mwenyewe na hakimu akiridhia, na akivunja masharti hurudishwa gereza la kawaida. Kifungo chake kinalegezwa hatua kwa hatua mpaka anazoea tena kazi na barabara.

Kinachonivutia si funguo, ingawa ndizo zinazopigwa picha. Ni mambo mawili ya kimyakimya. La kwanza, familia ya mfungwa inahesabiwa kuwa sehemu ya matibabu: inatembelewa, inaandikiwa, inaalikwa. La pili, mume na mke wa mji ule hupewa mfungwa mmoja wamlee, mfano wa wazazi wa ubatizo. Wengi wa walioko ndani waliharibikiwa na baba au mama, na huwezi kumhubiria mtu kuhusu Baba wa mbinguni kama neno baba linamkumbusha mkanda na pombe.

Kwenye hiari, inapita. Kwenye siku ya kutoka, inapita kuliko zote. Kwenye aliyekosewa, inapita nusu. Na sisi hatuwezi kuichukua nzima: Magereza ni jeshi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na hakuna kamati ya usharika itakayokabidhiwa funguo za Ruanda. Lakini kuitembelea familia hakuhitaji ufunguo. Kulea mtu mmoja hakuhitaji ufunguo. Kwenda kumpokea langoni ndiyo kabisa.

Aliyekosewa yuko wapi?

Njia zote nne zina udhaifu mahali hapa, na ndipo huduma nyingi za magereza hupoteza heshima mbele ya wananchi. Mwanzoni mwa 2019 mkoa wa Njombe ulizika watoto wadogo waliouawa kikatili. Mtu asimwendee mzazi wa Njombe na hadithi tamu ya muuaji aliyeokoka. Hana deni la kuisikiliza.

Dini zetu hazikuficha jambo hili. Wanazuoni wa Kiislamu wanafundisha masharti ya toba: kuacha dhambi, kujuta, kuazimia kutorudia, na kama dhambi ilimgusa mwanadamu, kumrudishia haki yake au kumwomba radhi. Zakayo alipoteremka kwenye mkuyu hakuishia kulia. Aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Prison Fellowship International, shirika la Kikristo la huduma ya magereza, lina mafunzo yenye jina la mti huo, ambamo watu walioumizwa na uhalifu huja gerezani kwa wiki kadhaa kuzungumza na wafungwa, mara nyingi si wale waliowakosea wao wenyewe. Anayekubali kuja anakuja kwa hiari, na anayekataa anaheshimiwa.

Kwa makosa ya wizi, mifugo, mipaka ya shamba na ugomvi wa kilabuni, hili linawezekana hapa kwetu kabla mtu hajatoka. Wazee wawili kutoka kila upande, mwenyekiti wa kitongoji, na mtu wa kamati anayejua kunyamaza. Makosa ya damu na ya kuwaharibu watoto yasiguswe na watu wa kujitolea. Huko mnabaki na mfungwa, mnamwombea aliyekosewa, basi.

Mambo mawili ya kuchunga, njia yoyote mtakayochagua

La kwanza ni mahabusu. Katika magereza yetu wanakaa watu ambao kesi zao hazijaisha, na Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inasema mtu asitendewe kama mkosaji kabla ya kuthibitika. Kumhimiza mahabusu atubu kosa analolikana ni kumhukumu kabla ya hakimu. Mpelekeeni faraja, mpelekeeni habari za nyumbani, mtafutieni msaada wa kisheria. Vilevile kuna aliyepewa faini au kifungo, akaenda kifungoni kwa kukosa fedha. Kabla ya mahubiri, ulizeni faini yake ni kiasi gani. Mara nyingine kikapu cha sadaka, au zaka kwa fungu la wenye madeni, kitamtoa huyo mapema kuliko mkutano wowote wa injili.

La pili ni biashara ya toba. Rwanda, baada ya mauaji ya 1994, sheria iliwapunguzia adhabu waliokiri. Kukiri huko kulizisaidia familia nyingi kujua wapendwa wao walizikwa wapi, na mahakama za gacaca ziliendelea hadi 2012. Lakini wengine walikiri nusu, kiasi cha kutosha kupata punguzo. Hata kwetu, mfungwa anayesubiri parole atatafuta barua ya mchungaji au ya imamu. Ushauri wangu ni kwamba barua iseme mliyoyaona tu: amehudhuria, amefundisha wenzake kusoma, amemaliza mafunzo ya useremala. Moyo wake msiutolee cheti. Na asiyetaka kuonana nanyi asibughudhiwe, maana Kanuni za Mandela zinampa haki hiyo waziwazi.

Mimi ningechagua nini

Kamati yenye watu wengi na fedha kidogo, kama sharika nyingi za Rungwe na Kyela, ichukue kipande cha Brazili: familia moja mjini, mfungwa mmoja gerezani. Si lazima mumjengee chochote. Mwezi mmoja mnamtembelea yeye, mwezi unaofuata mnawatembelea watu wake, hata kama ni Chunya au Makete na nauli inauma. Mtoto wake akipelekwa kumwona mara moja tu kwa mwaka, hilo peke yake linafanya kazi ambayo mahubiri hayajaiweza.

Kamati yenye wasomi, kama zile zilizo karibu na vyuo vya Iringa, ichukue kipande cha Louisiana na kukirekebisha. Wafundisheni wafungwa wachache wa dini zote kusikiliza, kusuluhisha na kufundisha kusoma. Mwalimu wa madrasa na mwinjilisti wakae darasa moja. Watu wa vifungo virefu wanafaa zaidi, kwa sababu watabaki na wenzao muda mrefu.

Mafungo ya ukimya ningeyaweka kama nyongeza ya Kwaresima na Ramadhani. Ibada za kila wiki ziendelee, ila zisimeze mfuko wote. Spika mpya ya kwaya inaweza kungoja.

Nikibanwa nichague kitu kimoja tu kwa mikoa yetu yote, nachagua siku ya kutoka. Mtu anayetoka Isupilo akiwa seremala, bila randa wala msumeno, huku misitu ya Sao Hill na viwanda vyake vya mbao viko jirani, amekosa kidogo sana ili kusimama. Na anayerudi kijijini bila mtu kumtangulia atakuta mlango umefungwa na jina lake limeshabadilishwa kuwa mwizi. Kamati iliyomtembelea mwenyekiti wa kitongoji mapema, ikaketi na mke, ikaketi na jirani aliyeibiwa, na ikampata fundi mmoja aliye tayari kumchukua, imefanya huduma ya kiroho kamili.

Mkianza, andikeni barua kwa mkuu wa gereza, muombe kuonana na ofisa ustawi, na muombe kukutana na wale waliobakiwa na miezi isiyozidi sita wanaotaka wenyewe kuonana nanyi. Chukueni watano. Kila mmoja muulizeni maswali mawili: nani nyumbani anaweza kukupokea, na ni nani uliyemkosea ungependa tukamsalimie kwanza?